Kuchagua volyumu ya seva ya hifadhidata: anza na logi, ukubwa uje baadaye

Mtu anayeanzisha seva ya hifadhidata kwenye huduma ya wingu hufika mapema kwenye fomu inayomtaka ataje aina ya volyumu, yaani diski ambayo huduma huipatia seva, ukubwa wake kwa gigabaiti, idadi ya IOPS, yaani operesheni za kusoma na kuandika kwa sekunde, pamoja na kasi ya kupitisha data. Wengi huufikiria ukubwa kwa makini, hukadiria data itakua kiasi gani kwa mwaka, kisha huyaacha mengine kama fomu ilivyoyaleta. Nimeuona utaratibu huo mara nyingi, na nauona umekaa kichwa chini miguu juu. Ukubwa ndilo swali jepesi kuliko yote, kwa kuwa volyumu nyingi za siku hizi huongezwa huku seva ikiendelea kufanya kazi. Swali zito ni jingine: muamala mmoja unapothibitishwa utaisubiri diski kwa muda gani, na je, muda huo utabaki uleule katika saa yenye msongamano mkubwa kuliko zote?

Ili kuona kwa nini swali hilo ndilo la kwanza, tuangalie kinachotokea pale mteja anapotuma COMMIT, amri ya kuthibitisha muamala. PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, huandika kwanza maelezo ya mabadiliko kwenye logi yake, inayoitwa WAL, kisha huiomba keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ihakikishe kwamba maandishi hayo yamefika mahali ambapo umeme ukikatika hayatapotea, na haimjibu mteja mpaka ithibitishiwe hivyo. InnoDB, ambayo ndiyo injini ya kawaida ya MySQL, hufanya vivyo hivyo na logi yake maadamu innodb_flush_log_at_trx_commit imebaki 1, thamani inayokuja nayo. Kurasa zenyewe za majedwali na faharasa huandikwa baadaye, kwa nafasi, na michakato ya nyuma ambayo hakuna mtu anayeisubiri moja kwa moja. Kwa hiyo volyumu moja hubeba maandishi ya aina mbili zenye tabia tofauti kabisa: ya logi, ambayo ni madogo, yanafuatana, na kila moja lina mtu anayelingoja, na ya kurasa, ambayo ni mengi, yametawanyika, na hayamkeri mtu mpaka siku yanapoielemea diski na kuichelewesha logi nayo.

Hesabu ya logi ni ya moja kwa moja. Ikiwa fsync moja, yaani lile ombi kwa keneli la kuhakikisha maandishi yamefika salama, inachukua milisekunde 1, muunganisho mmoja unaothibitisha rekodi moja moja hauwezi kuvuka miamala 1,000 kwa sekunde, hata ukinunua IOPS 50,000. Ikiwa inachukua milisekunde 5, kikomo ni miamala 200. Miunganisho mingi inayothibitisha kwa wakati mmoja hupata nafuu, kwa sababu hifadhidata huweza kukusanya miamala kadhaa na kuisafirisha kwa fsync moja, lakini kazi inayopita kwenye mlango mmoja, kama vile programu ya kuingiza data rekodi kwa rekodi, haipati nafuu hiyo. Hapa ndipo IOPS inapopotosha watu. Namba hiyo hupatikana pale tu foleni inapokuwa na maombi ya kutosha. Kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961 inasema kwamba idadi ya maombi yaliyo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa muda ambao kila ombi hukaa humo. Volyumu yenye muda wa kusubiri wa milisekunde 1 inahitaji wastani wa maombi 16 yanayoendelea kwa pamoja ili itoe IOPS 16,000. Hifadhidata ambayo kwa kawaida ina maombi mawili tu njiani haitaigusa hata robo ya namba hiyo, na aliyeilipia atabaki akijiuliza fedha zimekwenda wapi.

Muda wa fsync hutegemea kifaa kilicho chini. Diski ya kuzunguka yenye mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo inayoandika kweli kwenye sahani, sehemu ileile ya logi tena na tena, haiwezi kuthibitisha zaidi ya mara 120 hivi kwa sekunde. SSD (diski ya chipu) ya seva yenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika huthibitisha kwa makumi ya mikrosekunde, kwa kuwa kumbukumbu yake ya ndani inahesabika kuwa mahali salama. SSD ya kompyuta ya kawaida isiyo na ulinzi huo ina njia mbili tu: kusubiri hadi data iingie kwenye chipu zenyewe, jambo linaloweza kuchukua milisekunde au zaidi, au kusema imeshaandika ilhali bado. Volyumu za wingu, ambazo kila ombi lake hupita kwenye mtandao, huangukia katikati, kuanzia mamia ya mikrosekunde hadi milisekunde chache. PostgreSQL huja na programu ndogo iitwayo pg_test_fsync ambayo hupima jambo hili kwa dakika chache, nami huiendesha kwenye kila volyumu mpya kabla ya kuweka chochote juu yake. Ikitoa maelfu ya fsync kwa sekunde kwenye diski moja ya kuzunguka isiyo na kidhibiti chenye betri, hiyo si habari njema: kuna kache, yaani kumbukumbu ya muda, mahali fulani inayodai kuandika kile ambacho haijaandika.

Baada ya logi ndipo zamu ya vikomo, na hivi ni zaidi ya kimoja. Nichukue mfano wa volyumu ya gp3 ya Amazon, ambayo bila kuongezewa kitu huja na IOPS 3,000 na kasi ya MiB 125 (MiB moja ni KiB 1,024) kwa sekunde, iwe na ukubwa wa gigabaiti kumi au elfu moja. PostgreSQL hutumia kurasa za KiB 8. Ikisoma kurasa zilizotawanyika, IOPS 3,000 hutoa KiB 24,000 kwa sekunde, yaani kama MiB 23.4, chini ya moja ya tano ya kasi iliyolipiwa. InnoDB, ambayo kurasa zake ni za KiB 16, hufikia MiB 46.9. Katika hali hiyo kikomo cha IOPS ndicho kinachogongwa, na kuongeza kasi ya kupitisha data hakusaidii lolote. Sasa geuza kazi: ripoti inayosoma jedwali zima kutoka mwanzo hadi mwisho, au chelezo (nakala ya akiba) ya usiku. Keneli huunganisha usomaji huo kuwa maombi makubwa, na kila ombi likiwa la KiB 128, maombi 1,000 tu kwa sekunde yanatosha kumaliza MiB 125 zote. Grafu ya IOPS itaonyesha theluthi moja ya uwezo, kila mtu ataona diski ina nafasi tele, na hifadhidata itakuwa imesimama. Ndiyo maana grafu ya IOPS haisomeki bila grafu ya kasi kando yake, wala zote mbili hazisomeki bila ya muda wa kusubiri.

Kikomo hicho cha kasi kina upande mwingine ambao watu huukumbuka wakiwa wamechelewa. Hifadhidata ya GiB 500 inayorudishwa kutoka kwenye chelezo kwa MiB 125 kwa sekunde itachukua sekunde 4,096, yaani dakika 68, na hiyo ni bila kuhesabu kurudia mabadiliko yaliyo kwenye logi wala kujenga upya faharasa. Taasisi ikiwa imeahidi kurejea kazini ndani ya nusu saa, basi ahadi hiyo ilishavunjwa siku fomu ya volyumu ilipojazwa. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu nzuri zaidi ya kulipia kasi kuliko maulizo ya kila siku. Kasi ya gp3 inaweza kupandishwa bila kuhamisha data, lakini aliyejua mapema kwamba ataihitaji hupanga namna ya kuipandisha, na mwingine huijua katikati ya msiba.

Kikomo cha tatu ni cha mashine yenyewe. Kila aina ya seva ya wingu ina mpaka wake wa IOPS na wa kasi kuelekea kwenye volyumu zote kwa jumla, na mashine nyingi ndogo za Amazon zina mipaka miwili: wa juu, ambao mashine imehakikishiwa kwa dakika 30 angalau mara moja katika kila saa 24, na wa chini, ambao ndio wa kudumu. Volyumu kubwa iliyounganishwa kwenye mashine ndogo hufanya kazi kwa kadiri ya mashine. Kabla ya kupandisha mpangilio wowote wa volyumu, huwa nafungua kwanza jedwali la uwezo wa mashine na kusoma safu ya mpaka wa kudumu, si ile ya juu.

Hii inaniingiza kwenye mikopo ya utendaji, yaani ruhusa ya kuvuka kasi ya msingi mpaka akiba iishe, jambo ambalo nina msimamo mkali juu yake. Volyumu za gp2, zilizotangulia gp3, hupewa IOPS 3 kwa kila GiB, kima cha chini kikiwa 100, na zilizo ndogo kuliko GiB 1,000 zinaruhusiwa kupanda hadi 3,000 kwa kutumia akiba ya mikopo milioni 5.4. Volyumu ya GiB 100 ina msingi wa IOPS 300. Ikitumiwa kwa nguvu zote, akiba hupungua kwa 2,700 kila sekunde na kwisha baada ya sekunde 2,000, yaani dakika 33 hivi. Kisha inashuka kutoka 3,000 hadi 300 kwa ghafla, na ili akiba ijae tena inahitaji saa tano za kupumzika kabisa. Jaribio la dakika kumi haliwezi kamwe kuifichua tabia hiyo. Hupita salama, ripoti huandikwa, na anguko huja wakati wa kazi kubwa ya mwisho wa mwezi. Hifadhidata haina desturi ya kupumzika saa tano. Kwa sababu hiyo naona volyumu ya mikopo haifai kuwa makao ya hifadhidata yoyote ambayo watu wanaitegemea, hata ikiwa wastani wa matumizi yake ni mdogo, kwa maana wastani ndio unaomeza ile saa moja ambayo tulipaswa kuiandalia.

Kabla ya gp3 kutangazwa mwishoni mwa mwaka 2020, watu walinunua GiB 1,000 ili wapate IOPS 3,000 huku data yao ikijaza sehemu ndogo tu. Kuna huduma ambazo bado hufunga utendaji kwenye ukubwa: Premium SSD za Azure, wingu la Microsoft, kwa mfano, hutoa IOPS 500 kwa daraja la P10 lenye GiB 128, na 5,000 kwa P30 lenye GiB 1,024. Katika huduma za namna hiyo si ufujaji kununua nafasi usiyoijaza, ili mradi umeandika mahali kwamba ilinunuliwa kwa ajili ya kasi, mwenzako asije akaipunguza kwa nia njema ya kubana matumizi. Azure pia huuliza juu ya kache ya mashine mwenyeji, na ushauri wa Microsoft kwa SQL Server, hifadhidata yake, ni wa wazi: kache ya kusoma tu kwa diski ya data, na hakuna kache kabisa kwa diski ya logi.

Je, logi itengwe na data? Enzi za diski za kuzunguka jibu lilikuwa ndiyo, kwa sababu mkono wa diski uliokuwa ukifuata mstari wa logi haukupaswa kuitwa huku na kule kutafuta kurasa. Kwenye SSD na volyumu za mtandao sababu hiyo imeondoka, ila zimebaki mbili nyingine. Ya kwanza ni kwamba volyumu mbili zina vikomo viwili, hivyo dhoruba ya kurasa upande mmoja haiwezi kuisukuma logi foleni. Ya pili ni nafasi: katika PostgreSQL, replika, yaani seva inayofuata nakala ya data, iliyokatika huku alama yake ya kufuatilia (replication slot) ikiwa imeachwa huifanya seva kuu iendelee kuzihifadhi faili za WAL bila kikomo, na mahali zinapokaa pakijaa seva husimama kabisa. Tangu toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size ya kuweka mpaka, na sioni kisingizio cha kuiacha bila thamani. Dhidi ya faida hizo kuna gharama moja ambayo haisemwi vya kutosha: ukitegemea picha za papo hapo za volyumu (snapshot) kama chelezo, data na logi zilizo kwenye volyumu mbili lazima zipigwe picha kwa wakati mmoja kamili, la sivyo utakuwa na nusu mbili zisizoshikana. Amazon ina njia ya kupiga picha volyumu kadhaa kwa pamoja. Mahali ambapo njia hiyo haipo, volyumu moja ni salama zaidi. Kwa hifadhidata ndogo naanza na volyumu moja, na natenganisha pale tu vipimo vinapoonyesha kwamba logi inasubiri kwa sababu ya kurasa.

Picha hizo zina tabia nyingine ya kujua. Volyumu inayotengenezwa kutoka kwenye picha huonekana tayari mara moja, lakini bloki zake huletwa kutoka kwenye hifadhi ya mbali pale zinapoguswa kwa mara ya kwanza, na usomaji huo wa kwanza ni mzito sana. Seva iliyorudishwa asubuhi na kufunguliwa kwa watumiaji papo hapo itakuwa hai na isiyotumika kwa wakati mmoja. Dawa ni kuisoma volyumu nzima kwanza kwa programu za dd au fio, au kulipia huduma ya kurejesha kwa haraka.

Kwa wanaotumia diski zao wenyewe na kuziunganisha kwa RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), RAID 5 ina adhabu inayojulikana: andiko dogo moja hugeuka kuwa operesheni nne, yaani kusoma data ya zamani na alama yake ya usawa, kisha kuandika zote mbili upya. RAID 6 hufikisha sita, na RAID 10 hubaki mbili. Hifadhidata inayoandika kwa wingi ikae kwenye RAID 10, na sina la kuongeza hapo.

Mfumo wa mafaili ni suala ambalo mabishano yake huzidi uzito wake. Ext4 na XFS, mifumo miwili ya Linux, zote zinafaa. Waundaji wa hifadhidata ya MongoDB wanapendekeza XFS kwa injini yao ya WiredTiger, na Microsoft wanapendekeza NTFS iwe na vipande vya KB 64 kwa SQL Server. Mahali penye tofauti ya kweli ni mifumo inayoandika nakala mpya kila mara badala ya kubadilisha bloki mahali pake. ZFS, mmoja wao, huja na recordsize (ukubwa wa rekodi moja) ya KiB 128, na hifadhidata inayobadilisha ukurasa wa KiB 8 juu yake hulazimisha rekodi nzima ya KiB 128 isomwe, kama haimo kwenye kumbukumbu, na iandikwe upya. Shusha kipimo hicho hadi 8 au 16 kabla ya kuingiza data, kwa sababu mabadiliko yake huathiri faili zinazoundwa baadaye tu. Kupachika kwa noatime, yaani bila kuandika muda wa kila usomaji wa faili, ni sawa, faida yake ni ndogo tangu relatime, inayouandika muda huo mara chache, ilipokuwa tabia ya kawaida ya Linux. Kwa NVMe, aina ya SSD zenye kasi, acha mpangaji wa foleni akiwa none.

Vipo vipimo vinavyoongeza kasi kwa kuuza usalama, na hapa naomba msomaji asome polepole, kwa kuwa majina yanafanana ilhali matokeo yako mbali mbali kama ardhi na mbingu. Kuweka synchronous_commit kuwa off katika PostgreSQL kunamaanisha kwamba seva ikianguka unaweza kupoteza miamala ya sehemu ndogo ya sekunde ya mwisho, lakini hifadhidata itaamka ikiwa nzima na yenye mpangilio sahihi. Kwa jedwali la kumbukumbu za matembezi ya watumiaji huo ni uamuzi halali, na unaweza kufanywa kwa muamala mmoja mmoja. Kuweka fsync kuwa off, au kupachika ext4 kwa barrier=0 juu ya diski yenye kache isiyolindwa, ni jambo jingine kabisa: mpangilio wa maandishi hauhakikishwi tena, na seva ikianguka hifadhidata inaweza kuharibika kiasi cha kutoamka, au, baya zaidi, ikaamka na kuendelea na faharasa zisizolingana na majedwali. Vivyo hivyo kwa full_page_writes ya PostgreSQL na kwa eneo la kuandikia mara mbili la InnoDB. Vyote viwili vipo kwa sababu ukurasa wa KiB 8 au 16 unaweza kukatika katikati umeme unapozimika, nusu mpya na nusu ya zamani. Usivizime isipokuwa tabaka la chini limeahidi kwa maandishi kwamba ukurasa mzima huandikwa wote au usiandikwe kabisa.

Mwaka 2018 jamii ya PostgreSQL iligundua jambo lililowashtua wengi, nami nikiwemo. Keneli ya Linux iliposhindwa kuandika kurasa kutoka kwenye kache yake kwenda kwenye diski, ingeweza kuripoti kosa mara moja, kisha kuzihesabu kurasa hizo kuwa safi, hivyo kwamba fsync ya pili ingerudi na jibu la mafanikio juu ya data ambayo haikuandikwa popote. PostgreSQL ilibadilishwa: sasa fsync ikishindwa seva hujisimamisha yenyewe na kurejesha hali kutoka kwenye WAL, badala ya kujaribu tena na kuamini. Somo hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na uchaguzi wa volyumu. Kwenye diski ya kawaida, uhaba wa nafasi hujulikana wakati programu inapoandika. Kwenye volyumu nyembamba, ambazo huahidi nafasi zaidi ya ile iliyopo na kuitafuta pale inapohitajika, na vilevile kwenye NFS, mfumo wa mafaili wa mtandaoni, kosa la kukosa nafasi linaweza kuja baadaye, keneli inapomwaga kache, wakati programu imeshaendelea na mengine. Ukilazimika kutumia volyumu nyembamba, kinachopaswa kufuatiliwa ni hifadhi ya pamoja iliyo chini yake, kwa sababu amri ya df ndani ya seva itaendelea kuonyesha nafasi tele mpaka dakika ya mwisho.

Kabla ya kununua IOPS zaidi, ni vyema kuangalia hifadhidata inaandika kwa mtindo gani. PostgreSQL huja na max_wal_size ya GB 1 na checkpoint_timeout ya dakika 5, vipimo vinavyoamua chekipointi, yaani kumwagwa kwa kurasa zilizobadilika kwenye diski, ije mara ngapi. Kila chekipointi inapopita, ukurasa unaoguswa kwa mara ya kwanza baada yake huandikwa mzima kwenye logi, kwa hiyo chekipointi za mara kwa mara huivimbisha WAL na kuipa volyumu mawimbi ya maandishi. Kwenye seva yenye shughuli nyingi, kuongeza max_wal_size hadi makumi ya gigabaiti, kwa kukubali kwamba kuamka baada ya anguko kutachukua muda mrefu zaidi, mara nyingine huondoa tatizo ambalo tayari lilikuwa limeandikiwa ombi la bajeti. Linux nayo ina sehemu yake: vm.dirty_background_ratio ya kawaida ni asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, na kwenye mashine ya GiB 256 hiyo ni zaidi ya GiB 20 za maandishi yanayoweza kurundikana kabla ya kuanza kumwagwa. Badili kwa vm.dirty_background_bytes yenye mamia machache ya megabaiti, na mmiminiko utakuwa wa taratibu. Ukiwa umehamia SSD, shusha pia random_page_cost ya PostgreSQL, gharama inayokadiriwa ya kusoma ukurasa uliotawanyika, kutoka 4 hadi karibu na 1.1, la sivyo mpangaji wa maulizo ataendelea kuamini kwamba anahudumia diski ya kuzunguka. Na kama data inayotumika kila siku inakaribia kuenea kwenye kumbukumbu, gigabaiti chache za RAM hupunguza usomaji kuliko mpangilio wowote wa volyumu. Maandishi hayapunguzwi na RAM, ndiyo maana nimeanza na logi.

Kupima kwenyewe hufanywa kwa fio, na jaribio moja halitoshi. Kwa logi, naandika bloki za KiB 8 zinazofuatana, foleni ya ombi moja, na fsync baada ya kila andiko. Kwa kurasa, nasoma na kuandika kwa kutawanya, nikipita kache ya keneli kwa direct=1, foleni ikiwa 16 au 32, kwenye faili kubwa kuliko kache zote zilizo njiani. Kisha nayaendesha yote mawili kwa pamoja, na hilo ndilo jaribio ninaloliamini, kwa kuwa seva ya kweli haimsubiri mmoja amalize. Yaendeshwe kwa saa moja au zaidi, ili mikopo iishe na SSD iliyokuwa tupu izoee kujaa. Katika matokeo naupita wastani na kwenda kwenye asilimia ya 99, yaani muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauvuki: volyumu yenye wastani wa milisekunde 1 na asilimia ya 99 ya milisekunde 40 itawafanya watumiaji walalamike, ilhali ile yenye 1.5 na 4 haitasikika. Hifadhidata ikishaanza kazi, iostat -x hutosha kwa ufuatiliaji wa kila siku. Soma w_await na r_await (muda wa kusubiri wa kuandika na wa kusoma) na aqu-sz (urefu wa foleni), na usiipe %util (sehemu ya muda ambayo kifaa kina kazi) uzito kwenye vifaa vinavyohudumia maombi mengi sambamba, kwa sababu 100 pale haimaanishi kujaa.

Ukubwa, basi, unaingia mwisho. Acha nafasi huru isiyopungua jedwali lako kubwa kuliko yote pamoja na faharasa zake, kwa sababu VACUUM FULL, amri ya PostgreSQL ya kulijenga upya jedwali, na mabadiliko mengi ya muundo katika MySQL, hujenga nakala kamili kabla ya kufuta ya zamani. Ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu, karibu GiB 51 kwenye volyumu ya TiB 1, na kwenye volyumu ya data pekee inafaa kuipunguza kwa tune2fs. Kumbuka pia kwamba volyumu za Amazon huongezeka lakini hazipungui, na XFS nayo imejengwa kwa ajili ya kukua, kwa hiyo anza na kiasi cha wastani na ukiongeze. Ili kuongeza, kuza kwanza volyumu yenyewe, kisha sehemu ya diski ikiwa ipo, kisha mfumo wa mafaili kwa xfs_growfs au resize2fs. Weka volyumu ya data bila jedwali la sehemu, na hatua ya katikati haitakuwepo.